Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Muhula uliopita sisi wanafunzi wa kike tuliitwa ukumbini kusikiliza semina kuhusu msongo wa mawazo. Mgeni aliyealikwa alizungumza vizuri. Alitufundisha kupumua polepole, kulala saa nane kila usiku, kunywa maji ya kutosha, kuzima simu jioni, na kujitengea siku moja katika wiki iwe "siku yako mwenyewe." Kila baada ya maneno machache alirudia: jipende kwanza, jitunze kwanza. Tukampigia makofi. Nyuma yangu alikuwa ameketi mwenzetu mmoja aliyempakata mtoto wake wa miezi saba. Mtoto alipoanza kulia, mama yake aliinuka akatoka nje asije akatusumbua. Semina ikaendelea. Hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwemo, aliyenyoosha mikono akasema, "Nipe mtoto, wewe keti usikilize."

Insha hii imetokana na aibu ya siku ile. Hoja yangu ni moja, nami nitaishikilia mpaka mwisho: mwanamke hapumziki kwa kujipenda, hupumzika pale mtu mwingine anapoishika kazi yake. Kwa hiyo yeyote anayemhubiria mwanamke ajitunze, bila kumwonyesha ni nani atakayemshikia jembe, chungu na mtoto, hamsaidii. Anamwongezea kazi nyingine juu ya zile alizo nazo, na akishindwa kuitimiza anamwachia lawama.

Mimi ni mzaliwa wa Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua. Namwomba msomaji aifuate siku moja ya mama yangu. Huamka saa kumi na moja alfajiri, akafagia uwanja, akawasha moto, akawaandaa watoto wa shule. Kisha huenda kwenye shamba la muhogo kabla jua halijawa kali. Kufikia saa nne yuko njiani kwenda sokoni na beseni la nyanya kichwani, na huko hukaa hadi jioni. Akirudi anakuta foleni ya majerikeni kwenye bomba la kusukuma, unga wa kusonga enyasa, mtoto mwenye homa, na mama mkwe mzee anayesubiri kuogeshwa. Hulala akiwa wa mwisho nyumbani.

Sasa nauliza: mgeni wetu angeiweka wapi ile "siku yako mwenyewe"? Hata kama mama angeiba nusu saa akalala chini ya mwembe, jerikeni haijibebi wala muhogo haujimenyi. Nusu saa hiyo angeilipa usiku, tena kwa riba. Mama yangu anajua sana kwamba amechoka, na hahitaji semina ya kumfahamisha. Anachokosa ni mkono wa pili.

Kuna mtu mmoja aliyenifundisha jambo hili kabla sijasoma kitabu chochote, naye ni bibi yangu. Wazee wa West Nile hawahitaji kuelezwa miaka ile, lakini wenzangu wa sehemu nyingine huenda hawaijui. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wa kwetu walilipizwa kisasi kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyafanya. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliishambulia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, ambako raia walikuwa wamekimbilia wakidhani kwamba hapo watasalimika, wakaua makumi ya watu. Bibi alivuka mpaka akaingia Zaire akiwa na watoto wawili na mimba ya tatu.

Siku moja nilimwuliza, "Bibi, kule mlipumzikaje?" Alicheka kwanza, kisha akajibu, "Kwa zamu." Akanieleza kwamba walikuwa wanawake wanne waliokaa karibu. Watatu walikwenda kulima mashamba ya wenyeji ili walipwe muhogo, na mmoja alibaki na watoto wote. Siku ya kubaki ndiyo ilikuwa siku ya kulala mchana, watoto wakilala pembeni. Alipojifungua, wale watatu walimwondoa kwenye zamu ya kulima kwa muda, na sehemu yake ya muhogo ikaja vilevile. Hakuna aliyemwambia ajipende. Walimpikia tu.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Bibi mwenyewe alinieleza, kwa sauti ya chini, kwamba kulikuwa na mwanamke wa tano aliyesingiziwa uchawi, naye hakuingizwa kwenye zamu. Alilima peke yake na kulea peke yake. Bibi anamkumbuka mpaka leo, na nadhani anamkumbuka kwa sababu anajua walikosea. Zamu isiyowachukua wote ni chama cha marafiki tu. Lakini neno lenyewe, zamu, ndilo ninaloliona limepotea katika mazungumzo yetu ya leo kuhusu afya ya akili ya wanawake.

Wala si wazo la Ombaci pekee. Pwani, mama aliyejifungua hutimiza arobaini: siku 40 za kuhudumiwa, kukandwa, kupikiwa na kutoshikishwa kazi nzito. Hapa Uganda, vijijini Buganda, kuna vikundi viitwavyo munno mukabi, ambavyo majirani huchangiana wakati wa msiba. Babu na bibi zetu walifahamu kwamba kuna nyakati ambapo mtu hawezi kujibeba, wakaweka utaratibu wa kumbeba. Hawakumwachia kila mtu apate huruma kwa bahati.

Tumeubadilisha utaratibu huo kwa nini? Kwanza, kwa sifa. Tunawasifu wanawake kwa kuvumilia. Nendeni kwenye mazishi yoyote ya mama wa kwetu mkasikilize hotuba: "Alikuwa mvumilivu. Hakuwahi kulalamika. Alifanya kazi mpaka siku ya mwisho." Watu wanatikisa vichwa kwa heshima. Hakuna anayesimama kuuliza kwa nini aliachwa afanye kazi mpaka siku ya mwisho, na sisi sote tulikuwa wapi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapenda methali isemayo mvumilivu hula mbivu. Basi tuwe wakweli: nimewaona wavumilivu wengi Ombaci, na mbivu nyingi nimeona zikiliwa na wengine. Methali iliyo karibu zaidi na ukweli ni ile isemayo mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hawakuisema ili kutusifu. Walikuwa wanatuonya kwamba mzigo ulio kichwani kwa mwingine huonekana mwepesi, na kwamba tutaendelea kuuona mwepesi mpaka tuupokee.

Pili, tumeubadilisha kwa pesa, na hapa nitawagusa wanawake wenzangu. Vikundi vya akiba ni jambo jema. Mpango wenyewe ulianza Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, ambako shirika la CARE liliwasaidia wanawake wa vijijini kuweka akiba na kukopeshana wao kwa wao. Baadaye ukafika Uganda na West Nile. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye sanduku la kufuli tatu, lenye funguo zilizowekwa na wanawake watatu tofauti. Siwezi kulitukana sanduku lililonisomesha. Lakini nitasema lililotokea.

Mdogo wangu alipougua malaria kali, mama alilala naye hospitalini siku tisa. Kila mtu wa Uganda anajua kwamba mgonjwa asiye na ndugu wa kumpikia na kumfulia ana taabu mbili. Mama akakosa mikutano miwili ya kikundi. Ujumbe uliomfikia wodini ulikuwa wa kumkumbusha kwamba faini ya kukosa mkutano ni shilingi 2,000, na kwamba sasa ni mbili. Shambani palepale muhogo wake uliliwa na mbuzi, kwa sababu hakuna aliyepita kuangalia. Aliporudi walikuja na sukari na sabuni, wakaimba, wakaomba, wakaondoka. Faini alilipa. Kikundi hicho kina mfuko wa jamii, na kanuni zake zimeandikwa vizuri: mwanachama akifiwa hupewa kiasi fulani, na akifa yeye familia yake hupewa zaidi. Mama alisema kwa mzaha, "Kumbe kufa kuna fungu lake. Kuchoka ndiko hakuna."

Sikuuona kuwa mzaha. Wanawake 25 wanaokutana kila wiki, wanaofahamiana kwa majina ya watoto wao, wanaojua nani ana deni la kiasi gani mpaka shilingi ya mwisho, hawana ukurasa hata mmoja katika daftari lao unaoonyesha nani wiki hii amezidiwa. Tunahesabu hisa na riba, lakini saa za mwenzetu hatuzihesabu.

Kuna watakaosema kwamba haya ni maneno ya hisia, hayana ushahidi. Ushahidi upo, tena mlangoni petu. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, watafiti walifanya jaribio na wanawake karibu 700 kutoka Sudan Kusini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health. Wanawake wa baadhi ya vijiji walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki, kwa wiki tano, wakasikiliza mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakiongozwa na watu wasio madaktari. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ya moyo ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Unafuu wenyewe haukuwa wa miujiza, lakini ulikuwepo. Na angalieni: hata mafunzo ya kujisaidia mwenyewe hayakutolewa kwa mtu mmoja mmoja chumbani kwake. Walikusanywa.

Zimbabwe wamekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2006, katika jiji la Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi karibu na zahanati na kuwasikiliza watu wenye kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Sisi pia twasema "yule ana mawazo" tukimaanisha ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Dawa yao ilikuwa mtu mzima mwenye nafasi ya kukaa nawe. Nasisitiza neno nafasi. Mabibi wale walitengewa muda na mahali pa kufanyia kazi hiyo. Wema bila muda hugeuka pole ya njiani.

Tatu, na hapa najigusa mwenyewe, sisi wanawake wasomi tuna namna yetu ya kuukwepa mzigo. Tunamwajiri yaya. Mama wa ofisini mjini Arua, au mwalimu wa Koboko, hawezi kukaa na mtoto na kuwa kazini kwa wakati mmoja, hilo silaumu. Lakini nani analala jikoni kwake? Mara nyingi ni msichana aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya "nitakusomesha," anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, asiye na Jumapili. Wengine ni watoto kabisa, ingawa sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imeweka umri wa kuanza kuajiriwa kuwa miaka 16. Bosi wake anahudhuria semina ya kujitunza, anarudi amepumzika, anakuta nyumba safi, na anaandika kwenye simu kwamba wanawake tuinuane. Amemwinua nani? Amehamisha tu uchovu kutoka mgongo wake hadi mgongo mdogo zaidi. Mapumziko yanayonunuliwa kwa usingizi wa binti wa mwenzako hayastahili kuitwa mshikamano. Zamu maana yake ni kwamba na mimi siku yangu itafika ya kushika mzigo wako. Kama siku hiyo haifiki kamwe, basi huyo ni mtumishi, na mtumishi ana haki ya mshahara, mapumziko na shule.

Wavulana mnaosoma mkidhani mmesalimika, subirini. Nimezungumza juu ya wanawake kusaidiana, na najua wapo watakaofurahi: vizuri, wasaidiane huko huko. La. Zamu ya wanawake watupu ni maskini kugawana deni. Sheria ya ajira ya mwaka 2006 inampa mama mwajiriwa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na baba siku nne. Siku nne! Hizo hazitoshi hata kujifunza kumkamata mtoto shingo anapoogeshwa. Na mama yangu mwenye beseni la nyanya hana hata moja kati ya hizo 60, kwa sababu soko halina mwajiri. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 33, inasema serikali itawalinda wanawake kwa kuzingatia hali yao ya pekee na kazi ya uzazi. Ulinzi huo ningependa kuuona kwa umbo la chumba cha watoto penye kila soko, na maji yaliyo karibu na nyumba. Mpaka hapo, kijana wa kiume anayeweza kubeba magunia ya saruji kwenye bodaboda anaweza pia kubeba jerikeni ya dada yake.

Kuna pingamizi mbili ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke: mawifi wanagombana, mama mkwe anatesa, wake wenza wanachimbiana. Ugomvi upo, sikatai. Lakini weka watu wowote wawili wagombee kitanda kimoja, jiko moja na pesa ya mtu mmoja, uone kama hawatagombana, wawe wanawake au maaskofu. Tatizo ni jiko lile dogo, jinsia haihusiki.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo naiheshimu. Wanawake wengi wanasema: nikimweleza mwenzangu shida yangu, kesho itakuwa sokoni. Ni kweli. Siri hutembea haraka kuliko basi la Kampala. Ndiyo maana sianzi na maneno. Zamu haihitaji ungamo. Si lazima nijue kama mumeo anakunywa, kama umeharibikiwa mimba, au kama unadaiwa, ili nikupokee mtoto kuanzia saa nane hadi saa kumi. Nahitaji kujua tu kwamba Jumanne ni yako. Ukitaka kusema utasema, na ukinyamaza, mtoto atakuwa ameoga vilevile. Baadhi ya watu wataona kwamba huu ni msaada mdogo, lakini nadhani hawajawahi kuupata.

Basi napendekeza nini? Kila kikundi cha akiba kiongeze ukurasa mmoja katika daftari: jina, wiki, kazi, nani anaishika. Mwanachama anayeuguza asitozwe faini. Atumiwe mtu wa kuangalia shamba. Anayekosa zamu bila sababu, huyo ndiye atozwe, maana naona tunajua kutoza vizuri. Na asiachwe nje mwanamke kwa sababu ya uvumi, kama alivyoachwa yule wa tano kule Zaire.

Hapa chuoni jambo ni la karibu zaidi. Shule za Uganda zilifungwa kwa ajili ya korona mwezi Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Sisi wa rika hili tunawafahamu wenzetu waliorudi wakiwa mama, na tunawafahamu wengi zaidi ambao hawakurudi. Aliyefika mpaka ukumbi wa mihadhara na mtoto mkononi ameshapigana vita ambavyo mimi nisingeviweza. Walimu wetu, mnapouliza kwa nini amechelewesha kazi ya nyumbani, ulizeni pia nani alikuwa na mtoto usiku. Chuo kikitafuta pesa za semina nyingine, zitumike kwa chumba kimoja, mkeka na mlezi mmoja anayelipwa.

Wiki moja baada ya semina ile, wasichana wanne tulimfuata mwenzetu bwenini. Hakutuamini mara moja, na alikuwa na haki. Alitaka kujua tutamwambia nani, na tutachoka lini. Tukaandika saa zake za mihadhara kwenye karatasi, tukagawana. Wiki ya tatu mimi nilisahau zamu yangu kwa sababu ya mtihani, akakosa mhadhara kwa ajili yangu, na hasira aliyonionyesha ilinifunza kuliko makofi yote ya ukumbini. Karatasi bado ipo mlangoni. Ijumaa asubuhi hakuna jina. Atakayesoma insha hii akiwa na nafasi Ijumaa asubuhi, mlango anaufahamu.